WIMBO WA "MORE THAN WORDS" NA NENO LETU "NAKUPENDA"

Kurasa hizi za jarida la chama chetu aghalabu hujaa methali, vitendawili na mashairi ya tarbia, nami sina ugomvi na tarbia. Ila mwaka huu nimemwomba mwalimu mlezi wa chama ruhusa nichambue wimbo wa Kiingereza. Najua wapo watakaoguna: "Mbona tena wimbo wa Wazungu katika jarida la Kiswahili?" Jibu langu ni fupi. Wimbo huu tuliujadili katika mkutano wa muhula wa pili mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia na hakuna aliyenyanyuka, na mjadala ulikuwa wa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Tena kilichotugawanya hakikuwa Kiingereza. Ni neno letu wenyewe: nakupenda.

Wimbo unaitwa "More Than Words". Ulitungwa na Nuno Bettencourt na Gary Cherone wa kundi la Extreme, lililoanzishwa mjini Boston, Marekani, mwaka wa 1985. Cherone ndiye mwimbaji. Bettencourt, aliyezaliwa katika visiwa vya Azores vya Ureno na kupelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, ndiye mpiga gitaa. Wenzao wakati huo walikuwa Pat Badger wa besi na Paul Geary wa ngoma. Hili ni kundi la roki, tena ile roki ya magitaa ya umeme yanayonguruma mpaka jirani anafunga dirisha. Wimbo ulikuwa katika albamu yao ya pili ya mwaka wa 1990, ukatolewa peke yake mwaka wa 1991, na mwezi wa Juni mwaka huo ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard kule Marekani. Uingereza ulifika nafasi ya pili. Nadhani wapo walionunua kanda nzima kwa ajili ya wimbo huu mmoja, wakafika nyumbani wakakutana na radi!

Maana ndani ya wimbo wenyewe radi haipo. Kuna gitaa kavu moja na sauti mbili, basi. (Gitaa kavu, kwa wasiojua, ni lile lisilotumia umeme.) Katika video yake, ya rangi nyeusi na nyeupe, Badger na Geary wamekaa kando tu, hawana kazi. Lakini hebu sikiliza vizuri: kuna kitu kinachogonga "chak... chak" tangu mwanzo. Wengi hudhani ni ngoma. Kumbe ni mkono wa kulia wa Bettencourt! Anachopoa nyuzi kwa vidole, halafu katika pigo la pili na la nne anazigonga nyuzi hizo hizo kwa mkono huo huo hadi zinanyamaza. Kwa hivyo gitaa linaimba na papo hapo linajipigia ngoma. Mimi najifunza gitaa kanisani kwetu, na pigo hilo limenila miezi mitatu. Vidole vikikubali, mkono unachelewa. Tena ukijaribu kupiga sambamba na redio utaona hulingani nayo hata vidole vikiwa mahali pake. Usitupe gitaa. Bettencourt amelegeza nyuzi zote sita kwa nusu toni.

Gitaa kavu si geni kwetu. Magharibi mwa Kenya marehemu George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, alivuma kwa mtindo wa omutibo: gitaa kavu likiimba na chupa ya soda ikishika mapigo. Mojawapo ya nyimbo zake inaitwa "Sengula Nakupenda". Jamaa amemtaja mtu, akalitaja na neno, vyote katika kichwa cha wimbo, hana haya. Hawa wa Boston ndio wanaoliogopa neno hilo. Kwa nini?

Tuuchukue wimbo kama shairi, jinsi tunavyofundishwa darasani. Nafsineni ni mtu anayempenda mwenzake. Nafsinenewa ni huyo mwenzake, ambaye hatumsikii hata mara moja akijibu (hili tulikumbuke, nitalirudia). Toni ni ya kubembeleza. Ujumbe wake, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba kumwambia mtu unampenda ni rahisi na kumezoeleka mno, basi afadhali umwonyeshe, na ukimwonyesha, hata usiposema atakuwa ameshajua.

Kichwa chenyewe kilituchukua nusu saa kukitafsiri. Mmoja alipendekeza "Kuliko Maneno". Hiki kinaning'inia, kwa sababu kuliko hudai vitu viwili vya kulinganishwa, nasi tunabaki kuuliza: ni nini hicho kilicho kikubwa kuliko maneno? Wa pili akasema "Zaidi ya Maneno". Ni sahihi, na walio wengi walikipigia kura. Mimi nilishindwa katika kura lakini bado nashikilia changu, "Si Maneno Tu". Sababu yangu imo katika ubeti wa kwanza, pale nafsineni anapoeleza kwamba hamkatazi mwenzake kulisema neno. Analitaka, ila halimtoshi. Hiyo "tu" ndiyo wimbo wenyewe.

Sasa njooni kwenye sarufi. Waingereza wakitaka kusema neno hili wanahitaji maneno matatu. Sisi ni moja tu. Lipasue uone: na-ku-pend-a. "Ku" ni wewe unayependwa. "Pend" ni mzizi. Na hiyo "na" ya mwanzo? Wengine husema ni mkato wa "ninakupenda", nafsi imemezwa. Lakini vitabu vyetu vina maelezo mengine: ni nafsi "ni" ikikutana na kiambishi "a", kama vile mama apika, mtoto alia. Na hali hiyo ya "a" inaitwaje? Hali isiyodhihirika! Mwalimu alipoandika hayo ubaoni darasa zima lilicheka, maana ni kama wanasarufi wetu walikaa wakausikiliza wimbo. Nakupenda: kitendo kipo, lakini hakijadhihirika.

Na anachoombwa nafsinenewa ni kukidhihirisha. Kitenzi chetu cha kazi hiyo ni onyesha, ambacho ni ona katika kauli ya kutendesha. Kumwonyesha mtu ni kumfanya aone. Anayeona ni yeye. Wewe kazi yako ni kuleta kitu mbele ya macho yake. Tofauti na thibitisha, kutoka thabiti. Anayethibitisha yuko kizimbani, kuna kesi, na kuna hakimu wa kumwambia ushahidi umetosha au haujatosha.

Mnaona ninakoelekea. Shule yetu ni ya kutwa na ni ya wavulana na wasichana, na barua hupita chini ya dawati kila siku ya Mungu. Wimbo huu una miaka zaidi ya 30 lakini bado unaazimwa kwa barua hizo, kichwa chake kikipambwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Moja ya barua hizo niliandikiwa mimi. Mwandishi wake (hapa hana jina) alisema nimechoka kusikia maneno yako, kama kweli wanipenda thibitisha. Kuthibitisha kwenyewe alikueleza, na si jambo la kuchapishwa katika jarida la shule. Nilimjibu kwa sentensi moja: wimbo ulioutaja hauna neno thibitisha, usome tena. Hakunijibu.

Katika mkutano, wavulana wawili watatu walisimama kuutetea wimbo. Walisema wimbo hauna hatia kwa vile watu wanavyoutumia, na kisu si mwuaji. Kwa upande mmoja nakubali. Lakini tusifumbe macho: ubeti wa pili unataja kushikana na kukumbatiana waziwazi, kwa hivyo anayedai kwamba "vitendo" vya wimbo huu ni kupelekeana maua tu, hajausikiliza. Na jambo lililonishangaza nilipousikiliza mara ya tano au ya sita ni hili. Katika wimbo wote, nafsineni hatuambii yeye mwenyewe amemfanyia mwenzake nini. Kitu kimoja tu anachotaja ni kwamba amejaribu kuzungumza naye amwelewe. Yaani yeye anayelalamikia maneno, mchango wake ni maneno! Na kwa kuwa nafsinenewa hajapewa nafasi ya kujibu, hatujui. Pengine amekuwa akionyesha siku zote na jamaa haoni.

Kuonyesha bila kusema tunakujua sana huku kwetu. Babangu hajawahi kuniambia ananipenda, wala simwoni akianza leo. Saa kumi na moja na robo alfajiri, kukiwa bado giza totoro, ananisindikiza mpaka stejini, kisha anarudi nyumbani kujitayarisha kwenda kazini. Njiani hasemi kitu ila "funga koti". Mwenzangu mmoja wa darasani alipougua malaria wiki mbili, alirudi akakuta daftari lake la Kemia limenakiliwa lote, hadi michoro. Aliyenakili hajajitangaza mpaka leo (sisi tunamjua kwa mwandiko). Hakuna aliyedai mwenziwe athibitishe kitu. Ndiyo maana nasema wimbo una ukweli mkubwa, lakini ukweli huo ni wa mtu kujiambia mwenyewe. Ukigeuzwa kuwa wa kumdai mwingine unaanza kunuka.

Kuna mahali ambapo nafsineni ananishinda kwa uzuri wa swali lake. Anauliza, maneno hayo yakiondolewa kabisa, mwenzake atabaki na nini cha kusema? Wanaojaribu kutafsiri hapo wajihadhari na "nge" na "ngali". Ukisema "angemwonyesha angejua", mlango uko wazi, bado anaweza kumwonyesha kesho. Ukisema "angalimwonyesha angalijua", mambo yamekwisha, ameondoka. Wimbo uko kwenye "nge". Mmoja wetu alitafsiri kwa "ngali" na wimbo wote ukageuka matanga.

Na wao wanalijibu vipi swali lao? Waimbaji wawili wanaingia katika "la la" zisizo na maana yoyote, silabi tupu, sauti mbili zimebebana na gitaa likigonga. Maneno wameyaondoa kweli. Hapo ndipo ninapoupenda wimbo huu kuliko mahali pengine pote, na hapo hakuna cha kutafsiri.

Kundi la Extreme lilivunjika mwaka wa 1996 kisha likarudiana, na mwaka wa 2023 likatoa albamu iitwayo "Six". Ina radi ya kutosha, kwa wanaoipenda.

ZOEZI. Chama kinataka toleo la Kiswahili la wimbo huu kwa ajili ya siku ya wazazi. Tunga beti mbili na kibwagizo, ukifuata mapigo ya wimbo wenyewe, si lazima vina vifanane. Masharti ni mawili: neno "nakupenda" lisitokee hata mara moja, na nafsinenewa apewe ubeti mmoja wa kujibu. Peleka kazi yako kwa mwalimu mlezi kabla ya Ijumaa ya wiki ya tatu. Gitaa tutapiga mimi na yeyote atakayejitolea. Lile la kanisani lina nyuzi tano, kwa hivyo mwenye uzi wa sita nyumbani tafadhali aulete.