Siku Sita za Mwanzo na Umri wa Mawe

Masomo: Mwanzo 1:1 – 2:19, 1 Nyakati 3:10–12, Mathayo 1:6–11



Wazazi wawili wa mtaa wetu wameniuliza swali moja mwaka huu, kila mmoja kwa wakati wake. Mtoto akiulizwa katika mtihani wa Historia habari za fuvu la Zinjanthropus wa Olduvai na miaka yake 1,750,000, aandike nini? Binti wa mmoja wao alikuwa ameambiwa na mhubiri wa mkutano fulani kwamba kuiandika tarakimu hiyo ni kumkana Mwumbaji, maana dunia yote haijatimiza miaka elfu saba. Basi binti akaiacha nafasi tupu. Jambo hili si dogo. Mtoto akilazimishwa kuchagua kati ya kitabu cha shule na Biblia, wako wanaokiacha kitabu cha shule, lakini katika miaka yangu ya kufundisha walimu niliwaona wengi zaidi walioiacha Biblia. Yafaa tulitazame jambo hili bila haraka.

Tuanze na hiyo hesabu ya miaka elfu sita. Hakuna mahali Biblia inaposema dunia ina miaka mingapi. Hesabu hiyo ilipatikana kwa kujumlisha miaka ya mababa na ya wafalme. Aliyeifanya ikapata sifa ni James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, Mwanglikana mwenzetu, ambaye mwaka 1650 alichapisha kitabu chake akasema uumbaji ulianza Oktoba mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hakuwa mjinga, alikuwa mmoja wa watu wenye elimu kubwa katika siku zake. Tangu mwaka 1701 miaka yake ikaanza kupigwa chapa pembeni mwa Biblia za Kiingereza, na wasomaji wakaizoea kana kwamba ni sehemu ya Neno lenyewe. Lakini ndugu zetu wa Ethiopia huhesabu miaka 5,500 toka Adamu hadi Kristo. Mbona tofauti? Fungueni Mwanzo 5:3. Katika Kiebrania Adamu ana miaka 130 anapomzaa Sethi. Katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ana miaka 230, na mababa wengine kadhaa vivyo hivyo. Ukijumlisha, unapata dunia mbili zenye umri mbalimbali.

Tena orodha zenyewe hazikuandikwa ili zijumlishwe. Mathayo 1:8 husema Yoramu alimzaa Uzia. Sasa linganisheni na 1 Nyakati 3:11–12, mtaona kati yao wamo wafalme watatu: Ahazia, Yoashi na Amazia. (Azaria wa Mambo ya Nyakati ndiye Uzia wa Mathayo.) Je, Mathayo alisema uongo? Hasha. Mzee wa huku kwetu akitaja ukoo wake mbele ya wageni husema yeye ni mwana wa fulani, naye fulani huyo ni babu wa babu yake, wala hakuna amwitaye mwongo. Anataja wale wanaomweleza yeye ni nani. Mathayo alitaka kutuonyesha Mwana wa Daudi, wala hakuwa anaandika kalenda.

Na siku sita je? Origen wa Alexandria, katika karne ya tatu, aliuliza jinsi gani ziwepo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, zenye jioni na asubuhi, hali jua liliwekwa siku ya nne. Augustino, Askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, aliona kuwa siku hizo si za saa kama zetu, akawaonya Wakristo wasinene ovyo juu ya mbingu na nchi mbele ya wasioamini wanaoyajua mambo hayo, wasije wakaifanya imani kuwa kichekesho. Wote wawili walikuwa Waafrika, nao waliandika zaidi ya miaka elfu moja kabla mtu yeyote hajapima umri wa jiwe. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba usomaji huu ulitungwa juzi kuwapendeza wataalamu. Angalieni pia sura ya pili: mtu huumbwa katika 2:7 na wanyama katika 2:19, lakini katika sura ya kwanza wanyama hutangulia. Aliyeziweka sura hizi mbili jirani aliona tofauti hiyo vizuri kuliko sisi, wala haikumsumbua.

Sasa mawe. Katika mawe yaliyotoka volkeno mna potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo argoni. Jiwe likiwa bado uji wa moto, hewa hiyo hutoka; likiganda, hufungwa ndani. Ni kama mtungi unaovuja matone ndani ya chungu kilichofunikwa: ukijua kasi ya matone na ukapima maji yaliyomo chunguni, utajua mtungi ulianza kuvuja lini. Kwa njia hii majivu ya Olduvai yalipimwa mwaka 1961, miaka miwili baada ya Mary Leakey kuliona fuvu lile. Mumewe, Louis Leakey, alizaliwa Kabete mwaka 1903, wazazi wake wakiwa wamisionari wa C.M.S. Na hilo fuvu ni la juzi tu. Miamba ya matale ya huku Unyamwezi ina zaidi ya miaka 2,500,000,000.

David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872 akingoja wapagazi toka pwani, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1857 kwamba alipokuwa mtoto aliokota makombe ndani ya mawe ya chokaa. Akamwuliza mchimba mawe yalifikaje humo. Yule akamjibu kuwa Mungu alipoyafanya mawe aliyafanya na makombe ndani yake. Jibu hilo lilimvunja moyo mtoto, lakini halikumzuia kuendelea kuuliza, wala kuuliza huko hakukumzuia kuwa mmisionari.

Ugomvi huu umefika hata kwa majirani. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo wa Kanisa la Kipentekoste Nairobi aliongoza upinzani juu ya kuonyeshwa kwa mifupa ya kale katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, hasa ile ya kijana wa Turkana, iliyogunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, yenye umri wa miaka kama 1,500,000. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka 2008, mifupa ilionyeshwa. Simcheki Askofu Adoyo. Alichoogopa ni watoto kufundishwa kuwa mtu ni mnyama tu, na hofu hiyo naielewa. Ila umri wa mfupa hauwezi kusema mtu ni mnyama tu, wala hauwezi kusema ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Neno hilo la pili twalipata katika Mwanzo 1:27.

Swali zito zaidi ni la Adamu, kwa sababu ya Warumi 5. Wakristo wanaokubali dunia ya kale hawapatani hapa: wengine humwona mtu mmoja hasa, wengine humwona ni sisi sote. Mimi nashika la kwanza, lakini sitamfukuza mezani anayeshika la pili. Makala ya 6 ya Dini yetu husema Maandiko yana yote yapasayo kwa wokovu. Haitudai zaidi ya hapo kuhusu mawe.

Basi yule binti aandike 1,750,000, naye Jumapili aikiri Imani kwa sauti kamili.

Vikundi vitakavyosoma somo hili vijiulize: je, katika Mwanzo 2:4 neno "siku" lina maana ile ile ya sura ya kwanza? Na mwenye Biblia ya kale ya Kiingereza yenye miaka ya Ussher pembeni ailete, vijana waione.