Kuku wa Mayai: Tuangalie Mwanga na Chokaa

Wengi wetu hapa Umoja, Kayole na Dandora tunafuga kuku wachache wa mayai, wengine nyuma ya nyumba, wengine juu ya paa. Kuku akianza kuruka siku bila kutaga, ama yai litoke na ganda laini, tunasema tuliuziwa vifaranga wabaya. Tusikimbilie kisu.

Kuku hutaga kwa kufuata urefu wa mchana. Anataka saa 14 hadi 16 za mwanga, nasi hapa karibu na ikweta jua hutupa kama saa 12 tu, mwaka mzima. Kibanda kilichobanwa kati ya maghorofa hakipati hata hizo! Basi tuwashe balbu kuanzia saa kumi alfajiri mpaka kupambazuke, mwanga wa kutosha kusoma gazeti pale kuku alipo. Balbu ya LED ya wati 5, ikiwaka saa mbili na nusu kila siku, haimalizi nusu yuniti ya stima kwa mwezi, kwa hivyo token isikutishe. Lakini usiwashe leo ukasahau kesho. Mwanga ukipungua ghafla, kuku hunyonyoka manyoya na kuacha kutaga. Wale wachanga wanaokua tusiwaongezee mwanga, watataga kabla mwili haujakomaa.

Sasa chakula. Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalisiamu. Kuku akiikosa kwa chakula, anaitoa kwa mifupa yake mwenyewe, na mwishowe miguu inamshinda. Ugali wa jana na sukuma wiki havitoshi. Kila kuku apate kama gramu 120 za leyas mash kwa siku, na jioni tumwekee chokaa ya kuku ama maganda ya chaza yaliyopondwa, maana ganda hujengwa zaidi usiku. Mash ikishika ukungu ni ya kutupa, hata kama inauma.

Walio karibu na jaa la Dandora wana shida nyingine. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza jinsi watoto 328 wa eneo hilo walivyopimwa, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi damuni. Kuku anayechakura mchanga kama huo humeza risasi, nayo huingia ndani ya yai tunalompa mtoto. Hao tuwafungie bandani, majani tuwaletee kutoka mbali na jaa.