Tauni Kuu ya Uingereza na Ujira wa Mkulima

Mkulima wa Runyenjes, apandaye kahawa katika miteremko ya Mlima Kenya, anajua vema ya kwamba shamba pasipo mikono si kitu. Kahawa ikiiva na vibarua wakiadimika, hana budi kuongeza malipo. Jambo hilo dogo ndilo ufunguo wa kufahamu habari kubwa iliyotokea Uingereza zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Wakati ule Waingereza walio wengi walikuwa wakulima wa vijijini, nao wengi wao hawakuwa huru. Hawakuuzwa sokoni kama watumwa, lakini mtu hakuweza kuhama pasipo idhini ya bwana wa nchi. Alilima shamba la bwana siku kadha wa kadha bila ujira, akatoa ada alipomwoza binti yake. Na alipokufa, bwana alichukua mnyama aliye bora katika zizi lake. Watu walikuwa wengi na ardhi haba, basi ujira ulikuwa mdogo.

Katika mwezi wa Juni, 1348, tauni iliingia kwa meli katika bandari ya Melcombe Regis, upande wa kusini. Kabla ya mwaka kwisha ilikwisha fika London, na katika mwaka wa 1349 ikaenea hata kaskazini. Mgonjwa alishikwa na homa kali, akavimba mitoki kwapani na kinenani, na mara nyingi alikufa baada ya siku chache. Wataalamu wanakadiria ya kwamba walikufa kati ya theluthi moja na nusu ya watu wote. Hakuna aliyejua asili yake. Wengine walisema ni hewa mbaya, wengine ghadhabu ya Mungu. Ni katika mwaka wa 1894 ndipo Alexandre Yersin alipokitambua kijidudu chake huko Hong Kong, na katika mwaka wa 1898 Paul-Louis Simond alionyesha ya kuwa huchukuliwa na viroboto wa panya. Kenya nayo iliionja: katika mwaka wa 1902 tauni ilitokea katika mtaa wa maduka ya Wahindi mjini Nairobi, ikatambuliwa na daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, na mtaa huo ukateketezwa kwa moto.

Turudi Uingereza. Mashamba yalibaki, lakini wakulima walikuwa wamekufa. Waliosalia wakadai ujira zaidi. Mfalme Edward wa Tatu akatoa amri katika mwaka wa 1349, na Bunge likatunga sheria katika mwaka wa 1351, ya kwamba mtu asilipwe zaidi ya ilivyokuwa kabla ya tauni. Aliyekaidi alitiwa katika mikatale au gerezani. Lakini mavuno hayangoji sheria, na mabwana wengi waliivunja kwa siri.

Ndipo ikaja kodi ya kichwa: peni 4 katika mwaka wa 1377, kisha katika mwaka wa 1380 ikapandishwa hata wastani wa shilingi moja kwa kila mtu. Mwezi wa Juni, 1381, wakulima wa Essex na Kent wakaondoka, na Wat Tyler akawa kiongozi wao, wakaingia London. Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, aliwaahidi uhuru. Lakini Tyler aliuawa, na ahadi zikafutwa. Hata hivyo kodi ile iliachwa kwa muda mrefu, na ilipofika mwaka wa 1500 utumwa wa shamba ulikuwa karibu umekwisha.

Mambo hayo si mageni Runyenjes. Wazee wa zamani waliijua kodi ya nyumba, na kipande ambacho wanaume walianza kukichukua katika miaka ya 1919 na 1920. Lakini mtu asidhani ya kuwa tauni ilikuwa neema. Uhuru haukuletwa na maradhi. Uliletwa na watu waliokwisha kuijua thamani ya kazi yao, nao walikuwa wamezika jamaa zao kwanza.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini ujira ulipanda baada ya mwaka wa 1349?
2. Kwa nini mabwana waliivunja sheria iliyotungwa kwa faida yao?
3. Je, ghala yako ya mahindi imekingwa na panya?