Ndigana Baridi Huua Ng'ombe Wazima

Wafugaji wengi wa Kenya huijua ndigana kali, ile ivimbishayo tezi chini ya masikio. Lakini kupe huleta pia ndigana baridi. Ugonjwa huu huwagusa ndama kidogo tu, bali huwaua ng'ombe wazima. Basi afaye mara nyingi ni yule wa maziwa au maksai wa kulimia.

Mwaka 1910, huko Afrika Kusini, daktari wa mifugo Arnold Theiler alieleza vijidudu alivyoviona ndani ya chembe nyekundu za damu ya ng'ombe. Leo yajulikana kuwa ni bakteria. Mwili hujitetea kwa kuziharibu chembe zilizoingiliwa, na hivyo mnyama hupungukiwa na damu.

Mwenezaji mmoja mkubwa ni kupe wa rangi ya samawati. Hukaa juu ya ng'ombe mmoja kwa majuma matatu hivi, kisha jike aliyeshiba huanguka na kutaga mayai zaidi ya 2,000. Nzi waumao hueneza pia. Hata mwenye ng'ombe aweza kueneza, akitumia sindano au kisu cha kuhasia kwa mnyama mmoja baada ya mwingine bila kukichemsha.

Dalili hutokea majuma kadhaa baadaye. Ng'ombe hupata homa, huacha kula, maziwa hukatika na kinyesi hukauka. Ufizi hupauka, kisha huweza kugeuka manjano. Mkojo hauwi mwekundu. Ukiwa mwekundu, yamkini ni ugonjwa mwingine wa kupe. Wengine, wakiona kinyesi kikavu, hudhani ni tumbo tu, wakampa dawa ya kuharisha, na siku za kuponyeka zikapita.

Yafaa kufanya hivi. Mwite daktari wa mifugo upesi, kwani dawa kama oksitetrasaiklini hufaa zaidi mwanzoni. Usimswage mgonjwa kumpeleka mbali: damu ni chache, naye aweza kuanguka na kufa njiani. Mwache kivulini, mpe maji na majani mabichi. Aliyepona huendelea kuchukua vijidudu, hivyo kupe wasiachwe juu yake.

Waogeshe ng'ombe wote katika josho kwa siku zilizowekwa, na dawa ichanganywe kwa kipimo chake. Nawe uonapo ng'ombe akijitenga na wenzake, funua mdomo wake utazame ufizi siku iyo hiyo.