SOMO LA UFUNDI: Breki za Mafuta za Baiskeli za Mlimani



Somo hili ni la wenzetu wanaotengeneza baiskeli za mlimani na wale wanaoongoza wageni kwa baiskeli hizo, kama kwenye njia ya Congo Nile nchini Rwanda, yenye kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi. Kazi hiyo ni kupanda na kushuka, na anayeshuka maisha yake yako kwenye vidole vinavyoshika breki.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Katika karakana moja tuliyofanya kazi, mafuta ya breki yaliisha. Tajiri hakutaka kungoja, akaleta chupa ya mafuta ya breki za gari, akasema mafuta ni mafuta. Tukajaza, kumbe breki zile zilikuwa za mafuta ya madini. Haukupita muda sili zikavimba. Siku moja breki ya mbele ilishika isiachie, na mwenzetu mwongozaji akarushwa juu ya usukani, akavunjika mtulinga. Kisha tajiri akataka bei ya breki mpya ikatwe kwenye mishahara ya mafundi. Tulikataa kwa pamoja, na haikukatwa. Lakini mfupa ulikuwa umekwisha kuvunjika. Ndiyo maana tunasema: elimu kwanza.

Zinavyofanya kazi

Ukivuta mkono wa breki, pistoni ndogo husukuma mafuta kwenye mrija. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu hufika yote kwenye pistoni zilizo karibu na gurudumu, nazo hubana pedi mbili kwenye diski. Hewa hubonyea. Ikiingia kwenye mrija, nguvu ya mkono wako huishia kuibonyeza hewa, na mkono wa breki huwa laini kama sponji.

Kuchagua

1. Mafuta. Kuna aina mbili: mafuta ya madini na mafuta ya DOT. Shimano, Magura na Tektro hutumia mafuta ya madini. Hope na Hayes zimejulikana kwa DOT. SRAM ina breki za aina zote mbili. Usikisie kwa jina la kampuni. Soma maandishi kwenye kifuniko cha chombo cha mafuta. Aina hizi mbili hazichanganywi kamwe, wala hazibadilishwi moja kwa nyingine. Hata DOT zenyewe si zote: DOT 5 ni ya silikoni, haifai mahali pa DOT 4 wala DOT 5.1. Kabla ya kununua, uliza ni mafuta gani na pedi gani zinapatikana mjini kwenu mwaka mzima. Breki bora isiyo na spea ni mzigo.

2. Diski. Zilizo nyingi ni za milimita 160, 180 na 203. Kwa nguvu ileile ya mkono, diski ya 203 huzuia gurudumu kwa zaidi ya robo kuliko ya 160, tena hupoa vizuri zaidi. Kwa mpanda baiskeli mzito au mwenye mizigo, diski kubwa mbele ni busara. Lakini hakikisha uma na fremu zinaruhusu ukubwa huo.

3. Pedi. Pedi za utomvu hazina kelele nyingi na hushika mapema, ila huliwa haraka kwenye matope. Pedi za chuma hustahimili matope na joto, lakini hula diski zaidi. Diski nyingine zimeandikwa kuwa ni za pedi za utomvu tu. Tii maandishi hayo.

Kutunza

Kila asubuhi kabla ya safari: vuta kila breki kwa nguvu na uishikilie kwa nusu dakika. Ikizama polepole kufikia usukani, baiskeli haitoki. Tazama kama mafuta yanavuja kwenye viungo vya mrija. Hakikisha magurudumu yamekazwa.

Kila juma: pima pedi. Kwa Shimano, tabaka la pedi likibaki nusu milimita, badilisha. Diski ikipungua kufikia milimita 1.5, badilisha pia. Safisha diski kwa spiriti safi na kitambaa kisicho na mafuta. Usipulize mafuta ya mnyororo karibu na diski.

Ukitoa gurudumu, usivute breki. Weka kipande cha plastiki kati ya pedi, la sivyo pistoni zitatoka nje. Pedi mpya zizoeshwe kwanza: endesha mwendo wa wastani, punguza mwendo karibu na kusimama, mara ishirini hivi, bila kufunga gurudumu.

Breki ikiwa sponji, toa upepo kwa kufuata maelekezo ya kampuni. DOT hunyonya maji kutoka hewani, basi ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka, na chupa iliyokaa wazi isitumike. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi kufikia 155. Vaa glavu, maana DOT huunguza ngozi na kubandua rangi.

Kwenye mteremko mrefu

Usiburute breki njia nzima. Shika kwa nguvu, achia, shika tena, ukitumia zote mbili. Breki ikianza kulegea kwa joto, simama uipumzishe. Usiguse diski ya moto.

Haki yetu

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kuwa ina hatari kubwa na ya karibu, alindwe asiadhibiwe (ibara ya 13). Unasema pia hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi (ibara ya 21). Mwaka 2022 Shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu.

Basi kila karakana iwe na daftari: namba ya baiskeli, aina ya mafuta, tarehe, jina la fundi. Fundi akiandika "isitoke", isitoke, hata mgeni akiwa amekwisha kulipa. Na daftari hilo ndilo litakalosema ukweli siku ya lawama.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Breki za baiskeli zenu hutumia mafuta gani? Nani amehakikisha?
2. Nani ana uwezo wa kuizuia baiskeli mbovu isitoke?
3. Je, kuna mwenzetu aliyewahi kukatwa mshahara kwa ajili ya spea? Tawi lilifanya nini?