Kabla Hujanunua Gata Morogoro

Watu huniuliza gata za bati au za plastiki. Mimi huanza na swali jingine: nyumba iko upande gani wa mlima? Kinole na Matombo, mashariki mwa Uluguru, hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mvua yao ya mwaka huweza kupita milimita 2,000. Morogoro mjini hatufikishi hata nusu yake. Lakini wastani wa mwaka usikulaghai. Kinachofurisha gata ni zile dakika chache za masika, Aprili, mvua inaposhuka kwa hasira.

Kwa hiyo piga hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa linalofunika mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50, zimepatikana lita 5,000: simtanki kubwa limejaa kwa mvua moja. Pima eneo chini, ukihesabu na upenu, usifuate mwinuko wa bati.

Kwangu Bigwa nimeweka gata za bati za inchi 6, zenye mdomo mpana. Miembe inapukutisha majani mwaka mzima, na mkono lazima uingie. Plastiki haipati kutu, ni kweli, ila jua huikakamaza, na viungio vyake huanza kuvuja. Bati nalo hulika pale lilipounganishwa, basi paka rangi viungio mapema.

Hata hivyo, mahali pa kuwa mkali na fundi ni kwenye vishikio. Wengi hupenda kuvitawanya mita nzima ili vitoshe. Gata ya nusu duara ya inchi 6 ikijaa hubeba karibu kilo 9 kwa kila mita, na ubao wa ukingo wa paa ukiwa mbichi, misumari inang'oka. Dai nusu mita, na skrubu. Mteremko nao: sentimita 1 kwa kila mita 2 inatosha, upimwe kwa mpira wa maji, si kwa jicho. Halafu mwaga ndoo ya maji juu fundi akiwa bado yupo, hujamlipa.

Paa lenye mabonde (siku hizi kila mtu anayataka) linahitaji bomba la kushusha maji karibu na kila bonde, maana hapo maji ya pande mbili hukutana na kuruka nje ya gata. Na kwa sisi wa miteremkoni, bomba liishie kwenye tangi au mfereji wa mawe, si kwenye msingi wa jirani wa chini.