SOMO: Miaka ya Usukani Isiyoandikwa Haihesabiwi



Somo la safari hii ni la wale wa mashambani na viwandani wanaotamani kuendesha malori katika njia ya Mombasa, Malaba na Kampala, hadi Kigali na Kongo. Wengi huniuliza tawini: "Ndugu Katibu, leseni ninayo, mbona siandikwi kazi?" Jibu ni fupi. Mwenye malori hatafuti leseni peke yake. Anatafuta mtu aliyezoea gari zito, tena anataka kuuona ushahidi.

Nianze na kosa langu. Toka mwaka 2005 hadi 2011 nilivuta miwa kwa trekta katika shamba moja la Busoga. Niliajiriwa kuwa mkata miwa. Dereva alipougua nikapewa usukani, nikakaa nao miaka sita. Mshahara ulibaki wa mkata miwa, na kitabu cha ofisi kiliendelea kuniita mkata miwa. Siku niliyoomba kazi ya lori nikadaiwa barua. Ofisi ya shamba ikanakili kitabu chake: mkata miwa. Miaka sita ikapotea mchana kweupe.

Basi tujifunze ili lisikupate hilo.

1. PANDA DARAJA KWA DARAJA. Hapa Uganda leseni ya B ni ya magari madogo, CM ni malori ya kadiri, CH ni malori mazito. Trekta na magari ya kuvuta tela yana madaraja yake. Usiendeshe gari ambalo daraja lake halimo katika leseni yako, hata msimamizi akikuamuru. Ajali ikitokea, atakayeshikwa kwanza ni wewe, na bima inaweza kukataa kulipa.

2. SHULE IKO HAPO ULIPO. Anayerudisha nyuma tela la miwa ameshajua jambo ambalo mwenye gari dogo halijui: ukitaka tela liende kulia, usukani unaanza kushoto. Utingo naye yuko darasani asiposinzia. Anajifunza kufunga turubai, kukagua matairi na upepo wa breki, na kupanga mzigo. Sheria ya Afrika Mashariki hairuhusu gari na mzigo wake kuzidi tani 56, na kila ekseli hupimwa pia. Ile ya mbele mwisho wake ni tani 8. Asiyejua kupanga mzigo hukwama mzanini ingawa jumla haijazidi. Lakini ndugu utingo, miaka ya utingo si miaka ya usukani. Usikubali kupokea gari usiku dereva akilala, kama huna leseni ya gari hilo.

3. ANDIKA. Nunua daftari. Kila siku andika tarehe, namba na aina ya gari, mzigo, ulikotoka na ulikokwenda, na kilomita. Kwa trekta andika saa za kazi. Kila mwisho wa juma msimamizi atie sahihi.

4. DAI CHETI. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa anayeondoka kazini haki ya cheti cha utumishi. Cheti hicho kinataja mwajiri, muda wa kazi na cheo. Shikeni mambo mawili. La kwanza, hutolewa ukikiomba; ukinyamaza, hupati. La pili, huonyesha cheo ulichokuwa nacho kabla ya kuondoka. Kwa hiyo usingoje siku ya kuondoka. Siku unayokabidhiwa usukani ndiyo siku ya kuomba barua ya kubadilishwa kazi, pamoja na mshahara wa dereva. Mwajiri akikataa, usigombane peke yako. Peleka shauri kwa mwakilishi wa tawi.

5. USINUNUE BARUA. Wako wanaouza barua za uongo. Barua hiyo inaweza kupita ofisini, lakini haipiti mteremkoni. Lori lenye mzigo huteremshwa kwa gia nzito tangu juu ya kilima. Anayekanyaga breki tu huzichemsha mpaka zikakataa. Tena ukivuka Katuna kuingia Rwanda, unaacha upande wa kushoto wa barabara na kushika wa kulia. Mambo hayo hufundishwa na kazi yenyewe, na anayedanganya huhatarisha roho yake na za watu waliosimama kando ya barabara.

YA KUJADILI TAWINI
(a) Kwenu ni nani anayeshika usukani huku kitabuni akiitwa kibarua?
(b) Ni wangapi wanaendesha bila daraja la gari hilo, na nani aliwaamuru?
(c) Je, mwajiri anaweza kukubali kuwalipia mtihani wa daraja la juu?

Andikeni majina na miaka yao, mkabidhi kwa tawi kabla ya kikao cha mapatano na mwajiri. Mimi sikuandika, na hakuna aliyeniandikia.